Sura ya Saba: Msumeno Ukiita, Feni Iitike

Mafundi waliochonga milango ya Bagamoyo na Unguja walifanya kazi kwa tezo, patasi, keekee na randa ya mkono. Kilichodondoka miguuni mwao kilikuwa vibanzi na maranda, vitu vya kufagiwa na kuwashia moto jikoni. Unga umeletwa na mashine. Msumeno wa meza, raota, mashine ya randa na, zaidi ya zote, mashine ya msasa huzisaga mbao mpaka ziwe vumbi jepesi linaloelea chumbani muda mrefu baada ya fundi kuzima na kwenda kunywa chai. Chembe kubwa hunaswa puani, naye huzipenga jioni. Zile zilizo chini ya maikromita 10 hupenya koo na kushuka kifuani, na fundi hana habari.

Hatari yake imechunguzwa. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kuwa vumbi la mbao husababisha saratani kwa binadamu, likaliweka katika kundi la kwanza, lilelile la moshi wa sigara. Ushahidi ulianza kukusanywa miaka ya 1960 huko High Wycombe, Uingereza, mji uliokuwa na sifa ya kutengeneza viti. Daktari wa masikio, pua na koo, Esme Hadfield, aliona saratani adimu ya ndani ya pua ikijirudia kwa mafundi seremala wa mji ule kuliko ilivyotarajiwa. Na mbao zinazopita mikononi mwetu hazina upole. Mvule huwasha ngozi na kubana kifua cha mtu asiyepatana nao, mkongo hupigisha chafya, na vumbi la mpingo huwatoa upele baadhi ya wachongaji.

Ukitoka Tegeta kwenda Bagamoyo, ukapita Bunju, Mapinga na Kerege, utaziona karakana za samani kandokando ya barabara, nyingi zikiwa paa la bati juu ya nguzo bila kuta. Hapo upepo wa bahari husaidia sana. Sura hii nimemwandikia yule mwenye karakana nyumbani: chumba cha uani au banda alilolizungushia tofali kwa sababu ya wezi, mvua za masika na jirani anayelalamikia kelele. Kuta zilizomfungia kelele zimemfungia vumbi pia. Wengi wa namna hii wameshanunua feni ya kunyonya vumbi, yenye mota ya nguvu farasi 1, bomba na mfuko. Inakaa pembeni, imezimwa.

Sababu yake haiko kwenye bei ya umeme. Fundi ameshika ubao wa mninga kwa mikono miwili, ana mkato wa sekunde 10, na swichi ya feni iko upande wa pili wa chumba. Atakata kwanza. Kisha atakata mwingine. Mimi siamini kabisa katika kinga inayomtegemea mtu mwenye kazi mikononi akumbuke kila mara. Nimeona karakana nyingi mno ambamo barakoa zimetundikwa ukutani, safi, hazijavaliwa. Kinachodumu ni kifaa kinachojiwasha chenyewe pale hatari inapoanza. Kwa bahati njema, hatari hii hutoa taarifa yake kila inapoanza: msumeno hauwezi kuzunguka bila kuvuta mkondo wa umeme.

Viwandani jambo hili limeshatatuliwa. Festool, Bosch na Makita hutengeneza mashine za kunyonya vumbi zenye soketi mwilini mwake. Ukichomeka msumeno hapo, ukiuwasha, na mashine huwaka. Ni vifaa vizuri na ni vya bei kubwa. Saketi tutakayoijenga hapa hufanya kazi hiyohiyo kwa feni yoyote uliyonayo, na vipuri vyake vyote vinapatikana Kariakoo.

Waya wenye mkondo hauwezi kuficha mkondo wake. Mwaka 1820, mjini Copenhagen, Hans Christian Ørsted aliona sindano ya dira ikigeuka kila alipopitisha umeme kwenye waya uliokuwa karibu. Waya ule ulikuwa umezungukwa na uga wa sumaku. Miaka kumi na mmoja baadaye, Agosti 1831, Michael Faraday alizungushia nyaya mbili kwenye pete moja ya chuma jijini London na kugundua nusu ya pili ya jambo: uga wa sumaku unapobadilika, huzalisha umeme katika waya mwingine ulio karibu. Umeme wa TANESCO unaofika Bagamoyo ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, maana yake mkondo hugeuza mwelekeo mara 100 kila sekunde, na uga wake nao hivyohivyo. Basi ukiuvisha waya wa msumeno pete ya Faraday, yenye mizunguko mingi ya waya mwembamba, pete itakupa umeme kidogo unaolingana na mkondo unaopita. Hujakata waya wala hujagusa volti 230. Pete hiyo ndiyo transfoma ya mkondo, na ni ileile iliyomo katika mdomo wa mita ya kubana anayoitumia fundi umeme.

Kitu cha pili tunachohitaji ni rilei: swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Joseph Henry aliitumia Marekani mwaka 1835, kisha ikawa uti wa mgongo wa simu za maandishi. Ishara iliyosafiri kilomita nyingi juu ya nguzo ilifika imechoka, lakini ilibaki na nguvu za kutosha kuvuta kijichuma chepesi, na kijichuma kile kikafunga saketi mpya yenye betri yake. Kebo ya simu kutoka Aden ilifika Zanzibar mwaka 1879, na mwaka 1890 tawi likalazwa chini ya bahari hadi Bagamoyo na Dar es Salaam kwa ajili ya utawala wa Wajerumani. Mkondo dhaifu kuamuru mkondo wenye nguvu: waendesha simu wa nchi kavu waliishi kwa kanuni hiyo, na ndiyo kanuni yetu. Miliampea chache kutoka kwenye pete zitaiamuru feni inayovuta ampea 5.

Kuhusu vipuri. Transfoma ya mkondo inayofaa ni ile ndogo nyeusi yenye tundu katikati, uwiano wa 1,000 kwa 1, ya ampea 10 au 20. Kichipu ni LM358, chenye vikuzaji viwili (op-amp) ndani yake, ambavyo hapa tutavitumia kama vilinganishi, na ni cha bei ndogo. Umeme wa volti 12 wa kuendesha saketi utoke kwenye adapta ya king'amuzi au ya ruta iliyokufa. Imeshafungwa kiwandani, imetenganishwa na umeme wa ukutani, na saketi yetu haili hata ampea 0.1. Usijenge pawasaplai yako mwenyewe kwa kazi hii. Rilei ya volti 12 unaweza kuitoa kwenye stebilaiza mbovu, na pwani yetu, ambako umeme hupanda na kushuka, hakuna mtaa usio na stebilaiza mbovu. Zile za bei nafuu hubadili volteji kwa rilei tatu au nne, na mara nyingi iliyoungua ni moja tu. Soma maandishi ya mgongoni kabla ya kuing'oa, kwa kuwa nyingine ni za volti 24. Kama imefunikwa kabisa, ichukue. Iliyo wazi iache, nitaeleza sababu mbele.

Sasa tuijenge, tukianza na pete, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hukwama.

Ndani ya tundu la transfoma upite waya mmoja tu, ule wa fezi. Kebo ya msumeno ina nyaya tatu: fezi, nyutro na ethi. Mkondo unaokwenda kwa fezi ndio unaorudi kwa nyutro, kwa hiyo ukiipitisha kebo nzima, uga wa huu unafuta uga wa ule, na pete haioni kitu. Jaribu kwa mita ya kubana: ibane kwenye kebo nzima ya pasi inayochemka, itasoma sifuri, itenge fezi, ibane yenyewe, itasoma ampea 4 na ushei. Ndiyo maana transfoma hukaa ndani ya kisanduku chenye soketi ya msumeno, mahali ambapo nyaya zimeshaachana.

Msumeno wa wati 1,500 huvuta ampea 6.5 ukiwa kazini. Pete ya 1,000 kwa 1 itatoa miliampea 6.5. Mkondo huu tunaugeuza kuwa volti kwa kuupitisha kwenye resista ya omu 470, iliyounganishwa moja kwa moja kwenye miguu miwili ya transfoma, nasi tunapata volti 3, zenye kilele cha volti 4.3. Resista hii ilehemiwe kabla ya kitu kingine chochote, tena karibu kabisa na transfoma. Transfoma ya mkondo isiyo na resista hupandisha volteji ikitafuta njia, na ile ya ukubwa wa viwandani inaweza kumuua mtu kwa namna hiyo. Yetu ni ndogo, lakini inaweza kuua kichipu.

Kuna jambo la mota pia. Inapoanza kuzunguka, msumeno huvuta mkondo mara tano au zaidi ya ule wa kawaida, kwa sehemu ya sekunde. Kwa muda huo resista yetu ingeona volti 15 na kuendelea. Kwa hiyo sambamba na resista weka daiodi mbili za zena za volti 5.1, zimepeana mgongo. Chochote kinachopita volti 6 hivi zitakimeza.

Kutoka hapo umeme upite kwenye daiodi 1N4148, ili upande mmoja tu wa wimbi uendelee, kisha ujaze kapasita ya maikrofaradi 1 iliyo na resista ya omu 100,000 sambamba nayo. Daiodi hula volti 0.6. Kwa msumeno wetu unaokata, kapasita hiyo itakuwa na volti 3.7, msumeno ukizimwa, itakauka kabla nusu sekunde haijapita.

Upande wa kwanza wa LM358 hulinganisha volti hizo na kiwango unachokichagua mwenyewe. Toka kwenye volti 12 weka resista ya omu 47,000, kisha poteshiomita ya omu 10,000 hadi chini. Juu ya poteshiomita utapata volti 2.1, na katikati yake utapata chochote kati ya hapo na sifuri. Ipeleke katikati hiyo kwenye mguu wa kutoa wa kilinganishi, na kapasita kwenye mguu wa kujumlisha. Ukiiweka kwenye volti 0.5, saketi itaamka pale msumeno unapovuta ampea 1.6 hivi.

Kwa nini si juu zaidi? Kwa sababu ya mota ya induksheni, ile nzito isiyo na kaboni, iliyoko kwenye misumeno mingi ya meza. Hata inapozunguka bure bila kukata, huvuta theluthi hadi nusu ya mkondo wake wa kazi, na kiwango chako lazima kiwe chini ya hapo, la sivyo feni itawaka ubao unapogusa meno na kuzimika ubao unapotoka. Na mashine ndogo ya msasa, ya wati 250, yenye kuvuta ampea 1 tu? Usiguse poteshiomita. Pitisha waya wa fezi mara tatu ndani ya tundu, na pete itaihesabu ampea 1 kuwa 3. Hii ni moja ya sifa ninazoipendea transfoma kuliko kipimo cha Hall, ACS712, kinachouzwa kwa wingi kwa ajili ya Arduino. Kipimo kile kinatumia jambo alilogundua Edwin Hall mwaka 1879, mwaka uleule wa kebo ya Zanzibar, na hupima mkondo wowote, hata wa betri. Lakini kinakulazimu kuukata waya wa volti 230 na kuupitisha juu ya kibodi chembamba, milimita chache kutoka kwenye nyaya za volti 5. Kwa karakana yenye vumbi na unyevu wa chumvi, sikipendekezi.

Tunafika kwenye sehemu inayotofautisha kifaa kizuri na kifaa cha kuudhi, nayo ni muda. Feni haitakiwi kuwaka papo hapo pamoja na msumeno, maana mota mbili zikianza kwa pamoja zinaweza kuangusha swichi ya usalama, na taa za nyumba nzima zitafifia. Wala haitakiwi kuzimika papo hapo: msumeno ukizimwa, jino bado linazunguka na kurusha vumbi, na hewa iliyo juu ya meza bado ina unga. Tunataka feni ichelewe nusu sekunde kuanza na ichelewe sekunde 6 kuacha.

Mambo yote mawili hufanywa na kapasita moja ya maikrofaradi 47. Fikiria mtungi unaojazwa kwa bomba pana na kuvuja kwa tundu dogo. Bomba ni njia kutoka kilinganishi cha kwanza: daiodi, ili maji yasirudi, na resista ya omu 47,000. Tundu ni resista ya omu 100,000 kutoka kwenye kapasita hadi chini. Kilinganishi cha kwanza kikiamka hutoa volti 10 na nusu, mtungi unaanza kujaa, na baada ya karibu nusu sekunde unapita volti 2.1. Upande wa pili wa LM358 unalinganisha hapo hapo, na ile volti 2.1 tayari unayo juu ya poteshiomita. Huhitaji resista nyingine. Mtungi uliojaa hufikia volti 6.7. Msumeno ukizimwa unavuja polepole, na itapita kama sekunde 6 kabla haujashuka tena kwenye mstari. Ukitaka feni ibaki muda mrefu zaidi, weka maikrofaradi 100, ukijua kuwa na kuanza nako kutachelewa kwa kiasi hichohicho.

Usisahau resista mbili ambazo mtu hushawishika kuziacha: omu 47,000 kati ya kapasita na mguu wa kujumlisha wa kilinganishi cha pili, na omu milioni 4.7 kutoka kwenye tokeo lake kurudi kwenye mguu huohuo. Mtungi unapopita mstari polepole, kilinganishi husitasita, na rilei hutetemeka kwa mlio wa kereng'ende mpaka midomo yake iungue. Resista hizi hukipa kilinganishi msimamo: kikishaamua, mstari unasogea kwa volti 0.1 na hakirudi nyuma.

Tokeo la pili liende kwenye transista, BC547 au 2N2222, kupitia resista ya omu 4,700, na kati ya mguu wake wa kuamuru na chini kuwe na omu 10,000. Transista inavuta koili ya rilei. Sambamba na koili iwekwe daiodi 1N4007, mstari wake mweupe ukielekea upande wa volti 12. Koili inapoachwa hutema umeme kinyume, na bila daiodi hiyo transista haiishi wiki.

Rilei imeandikwa ampea 10. Usiifunge feni moja kwa moja. Maandishi yale ni ya mzigo mtulivu kama pasi; mota ya nguvu farasi 1 huanza kwa ampea 20 au 30, na midomo ya rilei ndogo hushikana. Rilei iliyoshikana ni feni isiyozimika, na kosa lake utaligundua mfuko ukiwa umepasuka. Weka kontakta kati yao: rilei iwashe koili ya kontakta ya volti 230, na kontakta, iliyoandikwa ampea 9 au zaidi kwa alama AC-3, iwashe feni. AC-3 ni daraja la mota, na kontakta ya daraja hilo imeundwa kustahimili mwanzo wake. Gharama inaongezeka, na ni gharama ya haki.

Kwa kuwa pete haijagusana na umeme wa msumeno, feni inaweza kulishwa na soketi nyingine, na fyuzi yake yenyewe, na hata fezi nyingine. Huu ni uhuru mkubwa. Soketi moja ya ampea 13 haipaswi kubeba msumeno na feni kwa pamoja kila siku. Na kama karakana yako ina umeme wa fezi tatu, pete moja kwenye fezi moja ya msumeno inatosha. Mota ya fezi tatu huvuta zote kwa pamoja. Mwenye mashine tatu au nne za fezi moja anaweza kuuvisha pete waya unaozilisha zote, baada ya meni swichi ya karakana, na mashine yoyote itakayowashwa itaiita feni. Pete isikae kabla ya hapo. Mita ya LUKU na nyaya zake ni za TANESCO, na hakuna sababu yoyote ya kitaalamu ya kuzigusa.

Kazi ya volti 230, yaani kontakta, soketi, ethi na fyuzi, ifanywe au ikaguliwe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Bodi ya volti 12 jenga mwenyewe mezani, kwa raha zako. Ndani ya kisanduku pande hizo mbili zitenganishwe kwa ukuta wa plastiki, na chini ya rilei acha milimita 8 kati ya njia za volti 230 na njia za volti 12. Kama bodi yako ni ya matundu, kwangua shaba ya matundu yaliyo katikati.

Kisha kuna bahari. Kisanduku hikihiki kikifungwa Dodoma kinaweza kudumu bila kuguswa; Bagamoyo, mita 300 kutoka ufukweni, hewa ina chumvi, na chumvi hunyonya unyevu usiku na kutengeneza utando unaopitisha umeme. Unga wa mbao ukikalia utando huo hugeuka kuwa uji. Kwanza huota kutu ya kijani kwenye miguu ya vipuri, kisha saketi huanza kuamka yenyewe alfajiri, wakati hewa ni nzito. Kwa hiyo rilei iwe ile iliyofunikwa kabisa. Bodi ikishajaribiwa, isafishwe kwa spiriti, ikaushwe juani, ipakwe tabaka mbili za vanishi ya kuhami, isipokuwa poteshiomita na viunganishi. Ncha za nyaya zivikwe vishikizo vya kubana, zisiwe nyuzi tupu chini ya skrubu. Na tundu la kebo lizibwe kwa glandi ya mpira, kwa sababu ya chumvi na kwa sababu ya mijusi. Mjusi hupenda joto la koili ya kontakta, na akiingia kati ya midomo yake hufa yeye na kontakta pamoja.

Upepo nao uhesabiwe. Kama mfuko wa feni uko nje ya ukuta, jambo ninaloliunga mkono kwa kuwa kitambaa cha mfuko hupitisha chembe zilezile ndogo tunazozikimbia, kumbuka kwamba kaskazi ya Desemba hadi Machi na kusi ya katikati ya mwaka hazipulizi upande mmoja. Mahali panapoonekana pazuri Januari pataingiza vumbi dirishani mwa jiko Julai. Ukuta unaoelekea bara ndio ulio salama zaidi majira yote, mradi si ukuta wa jirani.

Majaribio yaanze bila msumeno. Chomeka taa ya kawaida kwenye soketi yenye pete: rilei isisikike. Kisha chomeka pasi ya wati 1,000, inayovuta ampea 4.3. Hesabu, rilei igonge baada ya nusu sekunde hivi, na ukiichomoa pasi, igonge tena baada ya sekunde 6. Ikikawia mara mbili ya hapo, kapasita yako si ya maikrofaradi iliyoandikwa, jambo la kawaida kwa vipuri vya bei ya chini. Isipogonga kabisa, pima volti kwenye kapasita ndogo. Kama ni sifuri, karibu kila mara utakuta nyaya mbili zimepita tunduni badala ya mmoja. Pasi ikikubali, leta msumeno, uuwashe bila kukata, na ushushe poteshiomita mpaka feni iitike kwa mzunguko mtupu. Shusha robo mzunguko zaidi, basi.

Limebaki onyo moja, nalo ni la mtu atakayeipenda saketi hii kiasi cha kutaka kuigeuza, ili feni iwashe msumeno au rimoti iwashe vyote. Asifanye hivyo. Feni ikiwaka yenyewe haimdhuru mtu. Jino la msumeno likizunguka lenyewe hukata vidole. Tena tunaishi na umeme unaokatika. Umeme ukirudi, msumeno wenye swichi ya kawaida iliyoachwa kwenye WASHA utaanza kuzunguka, na fundi huenda ameinama juu yake akiondoa kipande cha ubao. Kontakta ya pili, yenye vitufe viwili, cha kijani na chekundu, na midomo yake saidizi imefungwa ili ijishikilie, huachia umeme unapokatika na haishiki tena mpaka kitufe cha kijani kibonyezwe kwa mkono. Wakati fundi umeme yupo, na kisanduku kiko wazi, mwambie aifunge na hiyo kwenye msumeno. Feni haiihitaji.